Siku Ile Mlipogawa Ng'ombe

Daktari amefariki, na watu wa kundi letu la simu wanamwita sauti ya watoto. Tangu asubuhi ya Jumatatu ya wiki iliyopita simu yangu haijatulia. Mmoja ameweka picha yake akiwa amechuchumaa katikati ya watoto wa Magunga, wote wameinua mikono. Mwingine ameandika kwamba hakuna msomi aliyewasikiliza watoto wa nchi hii kama yeye. Wa tatu, ambaye mwaka ule wa utafiti wetu alikuwa akilala ndani ya gari wakati sisi tukitembea boma hadi boma, ameweka mishumaa sita. Kisha mwenye kundi akaniandikia peke yangu: nilifanya kazi naye kwa karibu, kalamu yangu ni nzuri, basi niandike kurasa mbili za kumkumbuka zisomwe kwenye ibada. Najua marehemu hasemwi vibaya. Nimefundishwa hivyo nyumbani na kanisani, na sina nia ya kwenda kusimama mbele ya mjane wake nimharibie siku. Lakini kurasa mbili hizo zimenishinda. Badala yake naandika hizi, kwa sababu hasira niliyotoka nayo mwaka ule haijapoa, na nusu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza yenye mkataba. Kaunti zilikuwa bado changa, kila ofisi ikitaka mwongozo wake wenye jalada la rangi, na kamati moja iliyokuwa ikiandika mwongozo wa kuwasaidia mayatima ilikuwa imeambiwa na wafadhili kwamba safari hii watoto wenyewe lazima waulizwe. Ndipo Daktari akaitwa, naye akatuita sisi wanne tuwe wasaidizi wake wa utafiti. Tulipanga vyumba mjini Homa Bay, juu ya duka la vitambaa la Mama Zahara, ambaye yeye na mumewe walihamia huku kutoka Malindi kabla sijazaliwa, na ambaye Dholuo yake ya sokoni ilikuwa nzuri kuliko ya wengi waliokuja kutukagua. Asubuhi alituletea chai ya tangawizi na mahamri. Jioni tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, kwenye meza ile ile iliyojaa fomu, na hadi leo nikifungua daftari za mwaka ule nasikia harufu ya omena. Chumba changu na ofisi vilitenganishwa na ubao mwembamba tu. Kwa hiyo mambo ya kazi yetu niliyasikia mara mbili: mara ya kwanza Daktari akiyasema kwa simu upande wa pili wa ubao, mara ya pili tukielezwa mkutanoni, yakiwa yamebadilika.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Twende Magunga, twende Awendo, twende Kegonga, tukae na watoto waliofiwa na wazazi, tuwaulize maisha mema kwao ni yapi. Tulikuwa na kalamu za rangi, karatasi kubwa, soda na mandazi. Siku ya kwanza watoto walituambia tulichotaka kusikia. Watoto wa huku wamezoea wageni wenye karatasi, wanajua mgeni wa karatasi hufurahi akisikia viatu, daftari na sare, basi wakatupa viatu, daftari na sare mpaka tukaridhika. Daktari, na hapa namtendea haki, alikataa kuondoka na hayo. Alisema turudi mara ya pili na ya tatu, tukae chini, tusiandike. Alijua majina yao yote. Mara ya tatu, chini ya paa la bati la darasa moja huko Magunga, mvulana mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hahitaji viatu, anahitaji kujua kaka yake yuko wapi. Mwingine akasema hata yeye. Halafu darasa zima likaanza kusema kwa pamoja. Tulikuwa tumeuliza kuhusu chakula na magodoro, na watoto wakatuambia: tukifiwa, msitugawe.

Sikuelewa mara moja. Mimi sikufiwa nikiwa mdogo, na nilidhani mtoto akichukuliwa na jamaa amepata bahati. Aliyenielewesha ni Adhiambo, msichana wa miaka kumi na mitatu, wa darasa la saba, aliyekuwa akiishi Magunga kwa shangazi yake, dada ya marehemu baba yake. Alinieleza jikoni kwa shangazi huyo tukichambua mboga, moshi ukitutoa machozi, shangazi mwenyewe akiwa amekwenda kisimani. Mama yao alitangulia, kisha baba, mkata miwa wa Awendo. Walibaki watatu, yeye, Awuor wa miaka tisa, na Okoth wa miaka mitano. Siku ya mazishi ya baba ng'ombe alichinjwa, na kama desturi ilivyo kila upande ulikuwa na fungu lake la nyama: wakwe wana lao, wapwa wana lao, wazee wa ukoo wana lao, na asiyepewa lake hasahau mpaka kaburini. Nyama ilipokwisha kugawanywa, wakubwa wakaingia nyumbani kuzungumza. Watoto wakaambiwa waende mtoni wakachote maji.

"Tulikuwa tunajua kuna maji," Adhiambo aliniambia. "Mtungi ilikuwa imejaa. Lakini wewe unaweza kumwambia mtu mkubwa mtungi imejaa?"

Waliporudi, nguo zao zilikuwa zimetiwa katika mifuko mitatu. Hakuna aliyewaeleza. Walisoma mifuko. Wake ulikuwa karibu na shangazi, wa Awuor karibu na nyanya yao, wa Okoth ulikuwa tayari begani kwa baba mdogo, mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa ameoa upande wa Kegonga. Adhiambo alisema hakulia siku hiyo kwa sababu alikuwa na mtungi kichwani na hakuna aliyekumbuka kumtua. Aliposema hivyo nilitaka kuinuka nikavunje kitu. Baadaye nilisikia mambo ya aina hiyo kwa watoto wengi, na kila mara nilikuta kuna kazi waliyopewa ili wasiwepo: maji, kuni, kumfuata mbuzi fulani. Tuna methali ya mtoto asiyesikia la mkuu kuvunjika guu, na kila mtoto wa Kenya amechapwa nayo. Ya mkuu asiyesikia la mtoto hatukuitunga, kwa sababu anayevunjika hapo si mkuu.

Alichotaka Adhiambo hakikuwa ndoto. Alitaka wote watatu waishi kwa nyanya yao Awendo. Nilikwenda kwa nyanya huyo mwezi uliofuata. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara ya viwanda, na kila trekta la miwa lilipopita vikombe vilitikisika kabatini. Alinipa ugali na kunde zilizolazwa katika maziwa, akakaa kunitazama nikila kama watu wa rika lake wanavyofanya, huku Awuor akilala na kitabu tumboni. Hakuwa kikongwe. Alikuwa akilima, akiuza mboga, akitembea mpaka sokoni kwa miguu. Aliniambia kwamba siku ile ya kugawa yeye alisema aachiwe wote, na wanaume wa ukoo wakamjibu kwa heshima kubwa kwamba amechoka, apumzike. "Nikanyamaza," alisema. "Penye wazee haliharibiki neno, si ndiyo wanasema? Basi liliharibika mbele yangu, na wazee walikuwa saba." Aliniambia pia kwamba kama kamati yetu ingeandika mahali popote kwamba watoto wa tumbo moja wasitenganishwe, yeye angekwenda na karatasi hiyo kwa wale saba. Watu hao huogopa karatasi. Hakuhitaji pesa zetu wala godoro, mstari mmoja tu ungemtosha, na mimi nilimwambia nitajaribu.

Kegonga nilikwenda nikiwa na ujumbe. Adhiambo alikuwa amenituma nimwambie Okoth kwamba anakuja kumchukua. Nilimkuta hakai hata kwa baba mdogo. Yule mtu alikuwa safarini siku zote na mahindi yake, na mtoto alikuwa amepelekwa kwa wakwe, watu wazuri wa Kikuria wenye shamba la mahindi na ng'ombe wachache. Alikuwa ameshiba, amevaa, na amepewa ndama wa kuangalia. Mama wa boma hilo alinikaribisha uji, tukazungumza Kiswahili, akajibu fomu yangu yote. Watoto wa chini ya miaka kumi hawakuwa katika utafiti, kwa hiyo Okoth hakuulizwa chochote. Alisimama ukutani akisikiliza akiulizwa mtu mwingine habari zake. Tulipofika swali la ndugu, fomu ilitaka ndugu wanaolala katika kaya hiyo. Nikauliza kama ilivyoandikwa. Mama akasema hapa yuko peke yake. Nami, niliyekuwa nimekula kunde za nyanya yake na kuchambua mboga na dada yake, niliandika sifuri. Kalamu haikusita. Nilikuwa nimefunzwa siku tatu nzima kuandika jibu na si maoni yangu.

Wakati wa kuondoka nilimwita kando nikampa ujumbe kwa Dholuo. Alisikiliza, kisha akauliza lini. Nikasema karibuni. Alikuwa bado na Dholuo yake wakati huo, ingawa majina ya ndama na ya vitu vya shambani alishayasema kwa Kikuria. Niliporudi Homa Bay nilimweleza Daktari habari ya fomu, kwamba watoto hawa wote wanaonekana hawana ndugu, na kwamba jambo kubwa walilolisema halina mahali pa kuandikwa. Alinisikiliza kweli. Alivua miwani, akafuta macho, akasema jambo hilo ni zito na litaingia kwenye ripoti. Angekuwa mtu mbaya leo ningeandika kurasa mbili zile kwa dakika kumi. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa huruma nyingi aliyeogopa kuwaudhi waliomwita.

Siku chache baadaye nikamsikia kupitia ule ubao. Alikuwa akizungumza na mtu wa kamati, sauti yake ya upole ile ile, akisema anaelewa kwamba mapendekezo yalishapitishwa na wafadhili, kwamba hatayagusa, kwamba watoto watakuwemo ndani lakini hawatavuruga mpango. Nilikuwa nimekaa kitandani na kikombe cha chai ya Mama Zahara, na chai ikapoa mkononi. Kesho yake tukapewa rasimu. Mapendekezo yalikuwa yameandikwa yote, yamepangwa vizuri, na kila ukurasa ulikuwa na kisanduku cha rangi ya samawati kilicho wazi. Kazi yetu, tuliambiwa, ni kutafuta katika daftari zetu maneno ya mtoto ya kujaza kila kisanduku, mafupi, yenye kugusa moyo, yanayoendana na aya iliyo juu yake. Nimesikia watu wakilalamika kwamba watoto hawaulizwi. Mimi nalalamikia jambo baya zaidi, kwa sababu tuliuliza, tukajibiwa, halafu majibu tukayakata kwa kipimo cha visanduku.

Pendekezo kubwa la mwongozo lilikuwa kwamba kila kaya inayomlea yatima ipewe kifurushi kimoja, godoro, blanketi, sare na unga. Kifurushi kimoja kwa kaya, hata kama ina watoto watatu, ili msaada ufike kwa kaya nyingi. Nilipolisoma hilo kwa watoto wa Magunga, katika kikao cha kuwarudishia matokeo, walielewa kabla sijamaliza sentensi. Wasomi walikuwa wamelitazama miezi kadhaa bila kuona. Mvulana mmoja alisema, basi jirani yetu anayelea mapacha yatima atatoa mmoja. Adhiambo akasema hakuna tena mtu atakayekubali kumwachia nyanya yake watoto watatu kwa godoro moja, wakati nyumba tatu zingepata matatu. Niliandika yote hayo. Nilipiga mstari chini yake mara mbili. Nikampelekea Daktari, akaandika pembeni kwa penseli, "Muhimu," na penseli hiyo ndiyo yote aliyolifanyia jambo hilo.

Nilipong'ang'ania, akasema kuna njia moja. Kungekuwa na mkutano mkubwa wa kuthibitisha mwongozo, mjini Homa Bay, na mtoto mmoja angepewa nafasi ya kusema mbele ya kamati na wageni kutoka Nairobi. Mtoto akisema mwenyewe, nani atamkataa? Tukamchagua Adhiambo. Alitaka kusema kwa Dholuo, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha shule, cha kujibu maswali, na alichokuwa nacho hakikuwa jibu la swali la shule. Mimi ningetafsiri. Alikuja asubuhi hiyo na shangazi yake, waandaaji wakampa fulana nyeupe ya mkutano iliyomfika magotini, na alinishika mkono kwenye ngazi za hoteli akaniuliza kama wakubwa hao ndio wenye kuandika ile karatasi ya nyanya. Nikasema ndio hao.

Ukumbi ulikuwa na meza zenye vitambaa, chupa za maji, na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Mbele walikaa wageni wa Nairobi pamoja na mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti nzuri, wasiojua Dholuo. Nyuma yao walikaa wazee wa kamati, na hao waliijua kama mimi. Sijui kwa nini sikulifikiria hilo mapema. Kila neno la Adhiambo lingewafikia wazee moja kwa moja, na lingewafikia wageni kwa mdomo wangu. Watoto wa shule fulani waliimba kwanza. Hotuba zikafuata, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo ikasemwa mara nne. Kisha Adhiambo akaitwa. Hakuangalia wageni. Alitazama nyuma, kwa wazee, akasema kwa Dholuo, polepole, kama mtu anayesoma:

"Siku ile mlipogawa ng'ombe wa matanga ya baba, na sisi mlitugawa. Wakwe walipata fungu, wapwa walipata fungu. Sisi mlitutuma maji. Ng'ombe alikuwa amekufa, hakuweza kuulizwa. Sisi tulikuwa hai. Na sasa mnataka kumpa godoro kila aliyechukua fungu."

Nimeyaandika hapa kwa Kiswahili kama yalivyokuwa, neno kwa neno. Tazama jinsi ilivyo rahisi. Lakini siku ile, wazee saba au wanane wa rika la babu yangu wakiwa wameinamisha vichwa, mmoja wao akisugua bakora kwa kidole, sikuweza. Mtoto hamwambii mzee kwamba amegawa watu kama nyama. Nimelelewa hivyo, na mkalimani wa kwetu naye amelelewa hivyo. Anapotafsiri maneno ya mtoto kwa mkubwa huyalainisha, huongeza naomba, huongeza nashukuru, na anajiona ametafsiri. Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba mtoto anashukuru kwa nafasi hii, kwamba baada ya msiba familia zilishirikiana kuwalea, na kwamba anaomba wazee waendelee kushirikiana na pale inapowezekana watoto wahusishwe. Mwenyekiti alikuwa akiandika. Ukumbi ukaanza kupiga makofi.

Adhiambo alikuwa wa darasa la saba. Kiswahili alikielewa vizuri kuliko alivyokisema. Alingoja makofi yapungue, akanigeukia, akasema kwa Kiswahili mbele ya wote, "Madam, hiyo si yenye nimesema."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumpenda mtoto jasiri, na hicho ndicho kilichommaliza. Mwenyekiti akasema huyu atakuwa wakili, tumpigie makofi ya kilo, na wakapiga. Akaambiwa asante, akaketi. Mwongozo ukathibitishwa kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi dakika nzima makofi yale yakilia. Nilichohitaji kusema ni kwamba mtoto ana haki, nimekosea, narudia. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi tangu siku ile, nikioga, nikiosha vyombo. Siku ile nilirudisha kipaza sauti mezani.

Tukitoka, mzee mwenye bakora alinishika bega. "Nyathina," aliniita, mtoto wangu, "asante. Umetusitiri mbele ya wageni." Alisema kwa upendo kabisa. Alikuwa amesikia kila neno la Adhiambo, na alikuwa akinishukuru kwa kuwa yeye na wenzake ndio peke yao waliosikia. Wageni walikula samaki kwenye meza za ndani. Watoto walipewa soda na mkate barazani. Nilimpelekea Adhiambo sahani ya samaki kutoka kwenye meza yetu, na hakuigusa. Aliniuliza swali moja tu.

"Kwani uliogopa nani?"

Ningesema wazee, lakini hawakunitisha. Ningesema mkataba, lakini hakuna aliyeutaja. Niliogopa kuonekana sina adabu, na kwa hofu hiyo ndogo nikamgawa mara ya pili. Ripoti ilipochapishwa, kisanduku cha ukurasa wa kumi na nane kilikuwa na maneno haya: "Natamani maisha mazuri kwangu na kwa ndugu zangu." Chini yake, msichana, miaka kumi na mitatu. Hakuyasema hayo siku yoyote. Nilitafuta katika daftari zetu zote nne na sikuyaona. Ama Daktari aliyatunga, ama aliyaokota katika tafsiri yangu.

Yaliyofuata yalikwenda kama watoto walivyosema. Vifurushi vilifika mwezi wa kumi. Kabla ya Krismasi jirani yule wa Magunga alikuwa amempeleka pacha mmoja kwa shemeji yake, na watu wa Awendo walikuwa wakiulizana nani bado hajachukua mtoto. Hawakuwa watu wabaya. Walisoma mwongozo vizuri kuliko waliouandika. Nyanya yake Adhiambo alikwenda mwenyewe kwa afisa wa mradi kuomba wajukuu wake watatu, akaambiwa kwa adabu kwamba majina ya wale wawili wasio kwake yameshaandikishwa Magunga na Kegonga, na mtoto akihamishwa anaondoka kwenye orodha. Akauliza kama kuna mahali palipoandikwa kwamba ndugu wakae pamoja. Afisa akapekua kurasa zote mbele yake, kwa uaminifu, akamwambia hakuna. Haya alinieleza Mama Zahara, ambaye nyanya alipitia dukani kwake akinitafuta. Mimi nilikuwa chumbani juu, nikifunga mizigo. Mkataba ulikuwa umekwisha. Nilimsikia akiniulizia na sikushuka.

Jumamosi iliyopita, badala ya kuandika kuhusu marehemu, nilipanda gari hadi Awendo. Adhiambo ni fundi wa kushona, ana cherehani mbili na msichana anayemfunza, na siku hiyo walikuwa katikati ya sare za shule, sketi za kijani zimepangwa mpaka dirishani. Alinijua kabla sijavua miwani. Akanivutia kiti, akaagiza chai, akaniita Madam kama zamani. Nilimwambia Daktari amefariki, akasema pole. Nilimwambia nilichokuja kumwambia, kwamba siku ile nilimkosea na nimekaa miaka hii yote bila kusema. Alinisikiliza huku akitoa nyuzi kwenye pindo. Sikuona kama amenisamehe, na nilifurahi kwamba hakuigiza. Alisema tu kwamba nilikuwa kijana, na kwamba wale wengine hawakuwa.

Nikamuuliza habari za nyanya. Alifariki mwaka juzi, akasema, na hapo kwenye mazishi ndipo wao watatu walipokuwa mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu ile mifuko. Awuor alitoka Kisumu. Okoth alikuja na watu wa Kegonga kwa lori, kijana mrefu amevaa koti la kuazima. Adhiambo alimtambua kwa sikio, alisema, masikio ya baba. Alimfuata kwenye hema akamsalimu kwa Dholuo. Kijana akatabasamu kwa adabu, akatazama wenzake. Dholuo yake haikuwamo tena.

"Nikarudia na Kiswahili," Adhiambo alisema. "Nikamwambia, mimi ni dada yako. Akaniangalia, akaniuliza, 'Gani? Mkubwa ama mdogo?'"

Msichana mwanafunzi alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Nilimuuliza Adhiambo alimjibu nini.

"Nikamwambia mkubwa. Akasema, 'Nimefurahi kukujua, madam,' akanipa mkono."